Tajiri, Maskini na Mtumwa: Maneno ya Injili katika Masasi na Chidya

Msomaji wa Injili kwa Kiswahili aghalabu huyapita maneno tajiri, maskini na mtumwa pasipo kusita, kwa kuwa ameyazoea. Katika makala hii fupi nakusudia kuonyesha kwamba kwa Wakristo wa kwanza wa Masasi maneno hayo hayakuwa mepesi, na kwamba mafundisho ya Kikristo juu ya mali hayafahamiki barabara pasipo kukumbuka ni nani waliokuwa wakiyasikia.

Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misioni ya Vyuo Vikuu (UMCA) alitoka Unguja na kundi la watu waliokombolewa utumwani, akawaweka Masasi. Soko la watumwa la Unguja lilikuwa limekwisha fungwa mwaka 1873, lakini misafara ilikuwa ingali ikishuka pwani. Steere huyohuyo ndiye aliyetafsiri Agano Jipya katika Kiswahili cha Unguja, na hapana budi alitumia maneno aliyoyakuta.

Tajiri, kwa asili yake ya Kiarabu, ni mfanyabiashara. Katika karne ya 19, tajiri wa pwani ndiye aliyekopesha bidhaa ili msafara uende bara kutafuta pembe na watumwa. Basi aliyekombolewa, akisikia kwamba ni vigumu tajiri kuingia katika ufalme wa Mungu, hakuwa na haja ya kufumbuliwa fumbo. Vivyo hivyo neno mali: mtumwa mwenyewe alihesabiwa katika mali ya bwana wake. Kijana tajiri wa Injili aliagizwa auze alivyo navyo awape maskini. Miongoni mwa wasikilizaji wa Masasi walikuwamo waliowahi kuuzwa wao wenyewe. Walijua kwamba afanyaye mali kuwa bwana wake, mwisho humfanya mtu kuwa mali.

Neno mtumwa lina ugumu zaidi. Shina lake ni -tuma, na katika shina hilohilo twapata mtume, mtumishi na kutumikia. Paulo alijiita mtumwa wa Kristo. Je, aliyefunguliwa minyororo jana aambiwe kwamba kumpenda Mungu kwa moyo wote ni kuwa mtumwa tena? Lugha yenyewe yatusaidia kujibu. Mtumwa na mtume wote wawili hutumwa. Waachanapo ni katika ridhaa na katika yule awatumaye. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni, alipata upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika dayosisi yake, akatumika Chitangali miongoni mwa Wayao. Shina halikubadilika, hali ya mtu ilibadilika.

Hata hivyo, yafaa tutofautishe jambo ambalo Kiswahili hulitia katika neno moja, umaskini. Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara, ila matunzo na posho ndogo. Umaskini wao ulikuwa wa hiari. Lakini mwaka 1882, Wangoni, waliojulikana huko kwa jina la Magwangwara, walipoishambulia Masasi na kuchukua mateka, hata misioni ikahamishia makao yake Newala, wanakijiji walipoteza walivyojenga pasipo kuulizwa. Kuusifu umaskini mbele ya watu hao kwa maneno yaleyale yanayomsifu aliyeacha mali kwa hiari ni kukosa haki, na ni kukosa usahihi wa lugha pia. Kusamehe mali hutaka kwanza kuwa nayo.

Ndiyo maana shule ya misioni iliyojengwa baadaye Chidya ina mahali pake katika historia hii. Elimu ilifungua njia ya mshahara, na vijana wa Masasi na Newala wakaanza kuwa na kitu cha kuchagua. Hapo ndipo agizo alilopewa yule kijana wa Injili lilipowafikia kweli, kwani kabla ya hapo wengi wa wazee wao hawakuwa na cha kuuza.