Hadithi za Vita na Ukweli Wake

Jioni moja hapa Goma tuliwaonyesha vijana wetu sinema ya mwaka 1951, iitwayo The African Queen. Humo fundi mlevi na mwanamke wa misioni wanashuka mto kwa mashua mbovu, na mwishowe mabomu waliyoyaunda yanaizamisha merikebu ya Wadachi ziwani. Sinema ilipokwisha, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, mambo haya yalitokea kweli?"

Swali hilo lastahili jibu. Sinema ilitokana na kitabu cha C. S. Forester cha mwaka 1935. Wawili wale hawakuwako kamwe. Lakini vita vilikuwako, tena katika nchi yetu. Wadachi walitawala Ziwa Tanganyika kwa merikebu zao, na iliyo kubwa iliitwa Graf von Götzen. Mwaka 1915 Waingereza walileta mashua mbili ndogo, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa treni hadi Fungurume, Katanga, zikapandishwa milima ya Mitumba kwa mashine za mvuke, kwa ng'ombe na kwa mikono ya mamia ya watu. Kisha zikafuata mto Lualaba, na treni tena hadi ziwani. Tarehe 26 Desemba 1915 ziliiteka Kingani, na tarehe 9 Februari 1916 Waingereza wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen hawakuizamisha wao. Wadachi wenyewe waliizamisha Kigoma, Julai 1916, isije ikatwaliwa na adui. Iliopolewa mwaka 1924, ikarudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba.

Je, Forester alikosa? Hasha. Bwana wetu naye alisimulia habari za Msamaria, wala hakuna aliyekwenda kumtafuta katika njia ya Yeriko. Mfano ni mfano. Hatari huanza pale tunapodhani hadithi ni ushuhuda. Maana hadithi huchagua mashujaa wawili, na wengine wote hupotea. Waliozivuta zile mashua milimani hatuwaoni katika sinema. Wala hatuwaoni wapagazi wa jeshi la Wabelgiji lililovuka kutoka upande wa Kivu mwaka 1916, likaingia Kigali mwezi wa Mei na Tabora mwezi wa Septemba. Wengi wao walikufa njiani, na majina yao hayakuandikwa.

Kivu yetu imeona vita vingi tangu siku zile. Basi, tukisimulia hadithi, tuseme ni hadithi. Tukitoa ushuhuda, tutaje mwaka, mahali, na yule aliyebeba mzigo.