Rufiji Ilivyohesabu Vifo vya Nyumbani na Kuokoa Watoto

Miaka ya 1990 ilipoanza, waganga wakuu wa wilaya nchini Tanzania walipanga matumizi yao kwa kutegemea rejista za hospitali na zahanati. Rejista hizo hazikuwa na habari za wengi waliofia nyumbani na kuzikwa kijijini. Chanzo cha vifo vyao walikijua ndugu tu.

Mwaka 1993 Benki ya Dunia ilitoa ripoti iliyosema kuwa nchi maskini zingeokoa maisha mengi kwa takriban dola 12 kwa mtu kwa mwaka, iwapo fedha zingeelekezwa kwenye maradhi yanayoua zaidi. Wizara ya Afya ya Tanzania na shirika la utafiti la Kanada, IDRC, zikaamua kulipima dai hilo katika wilaya za Rufiji na Morogoro Vijijini. Mradi huo uliitwa TEHIP.

Kwanza ilibidi vifo vihesabiwe. Morogoro kazi hiyo ilikuwa imekwisha kuanza. Rufiji ilianza mwaka 1998, kaskazini mwa Mto Rufiji. Wadadisi walipita kaya kwa kaya kwa baiskeli, wakarudi kila baada ya miezi minne kuandika nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Palipotokea msiba, mhojaji aliketi na wafiwa na kuuliza kwa upole: homa ilianza lini? Alikohoa? Alipata degedege? Madaktari wawili walisoma majibu hayo, kila mmoja peke yake, na kutaja chanzo cha kifo. Wakitofautiana, aliitwa wa tatu. Hivyo vifo vingi vya degedege, hali inayoweza kuletwa na malaria kali na ambayo wazazi wengi waliitafutia tiba kwa mganga wa kienyeji, vikaingia katika hesabu ya malaria.

Hesabu hiyo ilifichua jambo zito. Morogoro, malaria ilikuwa ikichukua asilimia 30 ya miaka ya maisha iliyopotea kwa vifo vya mapema, lakini katika bajeti ya 1996 ilitengewa asilimia 5 tu. Kifua kikuu, kilichochukua chini ya asilimia 4, kilipewa asilimia 22.

Timu za afya za wilaya zikapanga upya. Wahudumu walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa ukamilifu badala ya kutibu dalili moja, na matumizi ya vyandarua yakahimizwa. Nyongeza ya fedha iliyotumika haikuzidi dola moja kwa mtu kwa mwaka. Rufiji, vifo vya watoto wachanga vilishuka kutoka 100 kwa kila vizazi hai 1,000 mwaka 1999 hadi 72 mwaka 2000. Ndani ya takriban miaka mitano, vifo vya watoto katika wilaya zote mbili vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40.

Fedha zilisaidia, lakini bila hesabu zingeendelea kwenda kusikohitajika. Ndugu msomaji, ukifiwa nyumbani, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, na mdadisi akibisha hodi, mjibu kwa ukweli. Kifo kisichoandikwa hakimfikii anayepanga bajeti ya dawa.