Herufi B katika Kamusi ya Nagasaki

Mwaka 1603 kiwanda cha uchapaji cha Wajesuti mjini Nagasaki kilitoa kamusi ya Kijapani iliyofafanuliwa kwa Kireno. Mwaka uliofuata ikapata nyongeza. Vidahizo vyake vyote ni takriban 32,000. Wanaisimu huithamini kwa kuwa iliandika Kijapani kwa herufi za Kirumi, hivyo ikahifadhi sauti ambazo maandishi ya wenyeji hayakuzidhihirisha. Mimi huirejea kwa sababu nyingine, nayo ni alama ndogo zilizowekwa kando ya maneno. Herufi X iliashiria neno la Ximo, yaani Kyushu, mbali na mji mkuu. Herufi B, kutokana na neno baixo la Kireno, iliashiria neno la chini, ambalo padri hakutarajiwa kulitamka mbele ya waungwana.

Kwa nini watu wa dini walijitaabisha kukusanya maneno wasiyokusudia kuyatumia? Nadhani jibu limo katika maungamo. Mimbarini padri huchagua lugha yake, ila katika maungamo mwenye kuichagua ni mtubu. Mvuvi wa Kyushu hakuungama kwa Kijapani cha Kyoto. Padri asiyeelewa neno la mtaani hakuweza kujua kama dhambi ni ndogo au kubwa, na kwa imani yao wokovu wa mtu uliweza kutegemea tofauti hiyo.

Nani basi angewafasiria? Mabaharia walibadilishana maneno bila mkalimani: karata zetu za Pwani na karuta za Wajapani zote zimetokana na carta ya Kireno, wala sidhani kama walioeneza mchezo huo ni mapadri. Lakini maungamo hayafanani na mchezo wa karata.

Watungaji wa kamusi hawakutajwa majina, kwa hiyo sidai kwamba João Rodrigues alikuwa mmoja wao. Namtaja kwa sababu maisha yake yanaonyesha mkalimani wa aina hii hupatikanaje. Alifika Japani mwaka 1577, kijana wa miaka 15 au 16. Lugha aliipata kwa kuishi na watu, akaja kufasiri mbele ya Toyotomi Hideyoshi na Tokugawa Ieyasu, hata Tçuzu, yaani “mkalimani”, likawa jina lake. Sarufi yake, iliyochapwa Nagasaki kati ya 1604 na 1608, haikuishia kwenye usemi wa mabwana; inaeleza pia lahaja za mikoani.

Ujuzi huo aliulipia. Alikiri mwenyewe kwamba, kwa kuwa aliondoka Ulaya angali mtoto, Kireno chake cha kuandika kilikuwa na kasoro. Mwaka 1610 akaondoshwa Japani, akafia ugenini tena, nchini Uchina, mwaka 1633. Wasomaji waliolea watoto Muscat au Birmingham watamwelewa upesi kuliko sisi wanahistoria.

Tangu sheria mpya ya uhamiaji ya Japani ianze kutumika mwaka 1990, Wabrazili wenye asili ya Kijapani wamehamia kwa wingi katika miji ya viwanda kama Hamamatsu. Mara nyingi waliowafasiria wazazi kwa daktari ni watoto wao, waliookota Kijapani katika uwanja wa shule. Mtoto wa namna hiyo huyajua matusi yote ya wenzake, kisha anaulizwa, kwa lugha mbili, maumivu ya mama yake yako wapi.