Viza ya kutafuta kazi si viza ya kazi

Ukipita Kenyatta Avenue jijini Nakuru, kwenye majengo yenye saiba na vyuo vidogo vya lugha, huwezi kukosa tangazo la "viza ya kazi Ujerumani". Mara nyingi tangazo hilo halihusu viza ya kazi hata kidogo. Kinachouzwa pale ni masomo ya Kijerumani na msaada wa kujaza fomu za kibali ambacho Wajerumani wanakiita Chancenkarte, kilichoanza kutolewa tarehe 1 Juni 2024. Kibali hicho humruhusu mtu kuingia nchini mwao akiwa bado hana mwajiri, ajitafutie kazi mwenyewe, kwa pesa zake mwenyewe, kwa muda usiozidi mwaka mmoja. Kwa Kiswahili hiyo ni viza ya kutafuta kazi. Neno kutafuta likidondoka, familia inaweza kuuza kipande cha shamba Njoro au ng'ombe wa maziwa Molo ikiamini kwamba kazi ipo, inasubiri mtu tu.

Tuanze na viza yenyewe. Wengi huandika visa kwa kufuata tahajia ya Kiingereza, lakini visa ni wingi wa kisa, na ukurasa wa gazeti unaosema "visa vya ulaghai wa visa" humlazimu msomaji arudie sentensi. Kamusi zimechagua viza, ya ngeli ya I-ZI: viza hii, viza hizi. Ni kweli kwamba viza nayo ina pacha wake, yai viza, lakini hakuna atakayechanganya yai bovu na muhuri wa ubalozini. Nashikilia viza.

Kinachofuata ndicho kizito zaidi. Viza ya kazi hutolewa kwa mtu ambaye mkataba wa ajira tayari uko mkononi: jina la mwajiri, mshahara, tarehe ya kuanza. Viza ya kutafuta kazi haina hata kimoja kati ya hivyo. Nimemsikia mama mmoja akimuuliza mwanawe swali ambalo waandishi wa istilahi tungepaswa kulijibu mapema: "Si umesema viza imetoka? Sasa unatafuta nini tena?" Kijana akajibu, "Mama, imetoka ya kwenda kutafuta." Mama alinyamaza, kisha akauliza atakula nini huko. Mwana alikuwa ametumia istilahi sahihi, na kwa sababu hiyo mama aliuliza swali sahihi.

Wapo wanaopendekeza "viza ya msaka kazi" au "viza ya mtafuta-kazi". Sina ugomvi nazo, ila kitenzi kinatosha na kinaeleweka kuanzia Kaptembwo hadi Gilgil. Kila aliyemaliza chuo hapa anajua kutafuta kazi ni nini, ni ile kutarmac ya kuzunguka na bahasha ya vyeti kutoka ofisi hadi ofisi. Kibali hiki kinakupa ruhusa ya kutarmac katika nchi nyingine, ambako kodi ya nyumba hulipwa kwa yuro.

Na tafsiri ya Chancenkarte yenyewe je? Ziko tatu zinazoshindana: kadi ya bahati, kadi ya nafasi na kadi ya fursa. Kadi ya bahati inatupeleka kwenye bahati nasibu ya grini kadi ya Marekani. Hii ya Ujerumani haina bahati nasibu, ina alama zinazohesabiwa. Kadi ya nafasi ni hatari zaidi, kwa kuwa nchini Kenya "nafasi za kazi" ni kazi zilizo wazi, na kadi hii haimhakikishii mtu hata moja. Kadi ya fursa inasema kiasi kinachofaa: mlango umefunguliwa, kuingia na kupata ni juu yako.

Alama zinazohitajika ni 6 kwa uchache. Tumchukue fundi wa umeme mwenye umri wa miaka 29 na stashahada, aliyefanya kazi miaka 5 kwenye mitambo ya mvuke ya Olkaria, karibu na Naivasha. Kwa kuwa hajapita miaka 35, anapata alama 2. Uzoefu wa miaka 5 ndani ya 7 iliyopita, katika kazi aliyosomea, unampa 3. Akifaulu Kijerumani cha kiwango cha A2, anaongeza 1, na hesabu inatimia. Kazi yake ikiwa kwenye orodha ya zile zenye upungufu wa watu, anapata nyingine. Kwa upande wa lugha, sharti la kuingia ni Kijerumani cha A1 au Kiingereza cha B2, na hapo Mkenya ana nafuu. Lakini asijidanganye: Kiingereza kitamfikisha uwanja wa ndege, ila msimamizi wa karakana katika mji mdogo atampa maagizo kwa Kijerumani.

Kabla ya kuhesabu alama kuna mlango mwingine, na ndio unaowakwamisha wengi. Sheria inamtaja Fachkraft. Magazeti yetu humwita "mfanyakazi mwenye ujuzi", na tafsiri hiyo inaumiza watu. Kwetu ujuzi ni kitu cha mkononi. Fundi wa jua kali aliyekaa gereji miaka 15, anayesikiliza injini ikinguruma akajua valvu gani imelegea, ni mjuzi kwa Kiswahili cha pande zote. Kwa sheria ile hahesabiki, kwa kuwa hana cheti cha mafunzo ya miaka 2 au zaidi kinachotambuliwa rasmi nchini Kenya. Majaribio ya ufundi ya NITA, mamlaka ya kitaifa ya mafunzo ya viwandani, yanathibitisha mikono yake, lakini mtihani peke yake si mafunzo ya miaka 2. Neno mtaalamu nalo linakosea kwa upande wa pili: humfanya msomaji amfikirie daktari au mhandisi mwenye digrii ya Egerton, na kumsahau fundi bomba mwenye stashahada ya Rift Valley National Polytechnic, ambaye sheria inamkubali vilevile.

Mimi ningeandika "mfanyakazi aliyehitimu". Kuhitimu ni kumaliza mafunzo na kupewa cheti, yawe ya chuo kikuu au ya ufundi. Fundi wa gereji akisoma "aliyehitimu" atajua papo hapo kwamba swali linahusu cheti, kabla hajalipa shilingi kwa wakala yeyote. Na wakala hahitajiki: maombi hujazwa na mwombaji mwenyewe, ada ya viza ni yuro 75, na uamuzi ni wa ubalozi ulioko Nairobi.

Istilahi ya mwisho inahusu pesa. Mwombaji anatakiwa kuonyesha kwamba atajikimu, na kwa kiwango cha mwaka 2025 hiyo ni yuro 1,091 kwa kila mwezi, au 13,092 kwa mwaka, ambazo ni zaidi ya shilingi milioni 1.8 za Kenya. Wengi huziweka katika kile Wajerumani wanachokiita Sperrkonto. Nimeona "akaunti iliyofungwa", inayomfanya mtu adhani benki imemfukuza, na "akaunti iliyozuiliwa", inayonuka mahakama. Pesa hizo hazijafungwa wala kuzuiliwa: ukishafika, unapewa fungu moja kila mwezi. Napendekeza akaunti ya mgao. Mkaazi wa Nakuru aliyezoea mgao wa maji hahitaji maelezo zaidi. Huko Ujerumani mwenye kadi anaruhusiwa pia kufanya kibarua cha hadi saa 20 kwa wiki, na kazi ya majaribio isiyozidi wiki 2 kwa mwajiri mmoja.

Tulivyo wepesi wa kuangusha maneno tuliona tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilipotia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin, Rais William Ruto na Chansela Olaf Scholz wakiwapo. Jioni hiyohiyo watu walikuwa wakitumiana habari za kazi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha hadharani: mkataba hautaji idadi yoyote. Mkataba huo ni makubaliano ya namna ya kuhamia kihalali, na pia ya kurudishwa kwa wasio na kibali. Makubaliano yalisomwa kama nafasi, na nafasi zikasomwa kama kazi.

Mwaka ukiisha bila kazi, mwenye kadi anarudi nyumbani. Akipata ajira inayolingana na cheti chake, hubadilisha kadi kuwa kibali cha ukaazi cha mfanyakazi akiwa hukohuko Ujerumani. Kuna pia kadi ya fursa ya mwendelezo, ya hadi miaka 2 zaidi, lakini hiyo hupewa tu yule ambaye tayari ameshikilia ahadi ya ajira.