Herufi Nzito za Clarendon na Sura ya Kidahizo

Afunguaye kamusi hulitafuta neno kwa jicho kabla ya kulisoma. Jicho hushuka upande wa kushoto wa safu, likayaruka maelezo na kugusa yale maneno tu yaliyokozwa wino, hata likafika. Tumeizoea desturi hii kiasi cha kudhani kwamba ilizaliwa pamoja na kamusi zenyewe, wala sivyo. Makusudi ya makala haya ni kueleza ilikotoka, na kuonyesha kwamba kuamua kipi kikozwe na kipi kisikozwe si kazi ya mpiga chapa peke yake, bali ni kauli ya kiisimu.

Herufi za Kirumi zilizotumika vitabuni kwa karne nyingi zina vijistari vyembamba vinavyomalizia ncha zake, mithili ya nyayo. Kati ya 1815 na 1817, Vincent Figgins wa London alitoa herufi ambazo nyayo zake zilikuwa bapa, nene karibu sawa na mwili wa herufi yenyewe. Yeye aliziita Antique. Baadaye zikajulikana zaidi kwa jina la Egyptian, yaani za Kimisri, ingawa hazikuwa na uhusiano wowote na maandishi ya Misri. Waingereza wa siku hizo walikuwa wameshikwa na shauku ya mambo ya Misri tangu vita vya Napoleon vya 1798, na wafanyabiashara hawakosi kuliona jina linalouza. Kazi ya herufi hizo ilikuwa matangazo: bahati nasibu, minada, maonyesho. Zilitakiwa zipige kelele ukutani, nazo zilipiga.

Badiliko lililo na maana kwetu lilikuja mwaka 1845, katika kiwanda cha kusubu herufi cha Fann Street, London. Hapo Robert Besley alitoa herufi alizoziita Clarendon, zilizochongwa na Benjamin Fox. Nyayo zake zilikuwa nene, lakini ziliungana na nguzo ya herufi kwa mkunjo laini, na umbo zima lilikuwa jembamba na la kiasi. Zaidi ya hayo, zilikusudiwa zikae katika mstari mmoja na herufi za kawaida, ili neno moja liweze kukolea katikati ya sentensi bila kuuvuruga ukurasa. Ukelele wa ukutani ukafugwa, ukaingizwa kitabuni. Besley aliziandikisha chini ya sheria ya kulinda michoro, akapewa miaka mitatu tu. Muda ulipokwisha, washindani wakaziiga waziwazi. Hata jina likawa la wote: mafundi wengi walisema «clarendon» wakimaanisha herufi nzito yoyote ile.

Kabla ya hapo mtunga kamusi alikuwa na njia chache za kukitenga kidahizo. Samuel Johnson, katika kamusi yake ya Kiingereza ya 1755, alitumia herufi kubwa. Wengine walitumia herufi za mlazo, au zile za Kigothi. Lakini herufi kubwa huficha tofauti ya jina la pekee na jina la kawaida, na mlazo ulikwisha kupewa kazi nyingine nyingi. Kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka 1884 chini ya James Murray, iliweka vidahizo vyake kwa herufi za Clarendon. Tangu hapo uzito wa wino umekuwa alama ya kidahizo katika kamusi nyingi mno.

Desturi hiyo imetufikia nasi. Kamusi ya Kiswahili-Kiingereza ya A. C. Madan ilitolewa mwaka 1903 na Clarendon Press ya Oxford. Ile ya Frederick Johnson ikafuata 1939. (Msomaji asiwachanganye akina Johnson hawa wawili.) Johnson wa Kiswahili aliyapanga maneno mengi yaliyonyambulika chini ya kitenzi kilichoyazaa, hata mwanafunzi akalazimika kujua asili ya neno kabla ya kulitafuta. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 haikufanya hivyo: atafutaye «mpishi» humkuta kwenye M.

Hapa ndipo penye mgogoro. Kwa Kiingereza, kukoza neno zima hakuna lawama kubwa. Kwa Kiswahili, kukoza «mpishi» zima ni kusema kwamba m- ni sehemu ya neno sawa na -pishi. Kukoza -pishi pekee ni kusema kwamba neno halisi ni shina. Hata hilo la pili halina utulivu, kwani k ya «pika» imekwisha kuwa sh. Na katika «mwizi», tutakoza nini ili msomaji auone mzizi wa «iba»? Mimi naegemea upande wa shina, nikikubali kwamba linamchosha anayeanza.

Nilipata kupeleka kwa mchapishaji mmoja sampuli ya vidahizo ambamo mashina yalikuwa kwa herufi nzito na viambishi kwa herufi za kawaida. Ilipotoka, uzito ulikuwa umeenea neno zima, kila mahali. Mhariri alikuwa amenisahihisha kwa nia njema kabisa. Machoni pake «mpishi» ni neno moja, na neno moja halikolei nusu. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu kurasa zote mbili, wengi waliichagua yake.