Dune: Kutoka Nyasi za Oregon hadi Kwenye Gemu

Umewahi kucheza gemu ya kompyuta ambayo unaanza na kambi ndogo, unatuma watu wakakate miti au wakachimbe madini, unapata mali, unajenga jeshi, kisha unamvamia jirani? Kama umegusa Warcraft, Age of Empires au Red Alert, basi unajua ninachosema. Mimi nilizijua kwenye kompyuta ya kaka yangu nikiwa shule ya msingi, na sikuwahi kujiuliza swali moja rahisi: ile miti ikiisha, nini kinatokea? Jibu ni kwamba hakuna kinachotokea. Unahamia msitu mwingine na maisha yanaendelea.

Cha kushangaza, mojawapo ya gemu zilizoweka msingi wa aina hii ilitokana na riwaya ya ikolojia. Ilikuwaje riwaya ya kulinda maji na mimea ikazaa gemu za kuvuna tu? Hebu tuifuate safari hiyo.

Mchanga unaotembea

Tuanzie mwaka 1957 katika mji mdogo wa Florence, jimbo la Oregon, pwani ya magharibi ya Marekani. Kusini mwa mji huo kuna vilima vya mchanga vinavyofuatana kwa takriban kilomita 60. Upepo wa baharini uliusukuma mchanga kuelekea nchi kavu, nao ukawa unatishia kufunika barabara, reli na nyumba za watu. Wizara ya Kilimo ya Marekani ilikuwa na mradi wa kuutuliza kwa kupanda nyasi, hasa nyasi za pwani za Ulaya, ambazo mizizi yake hushika mchanga barabara.

Mwandishi wa habari aliyeitwa Frank Herbert alikwenda kuuona mradi huo. Alitaka kuandika makala ya gazeti kuhusu watu waliousimamisha mchanga. Makala yenyewe haikuchapishwa, lakini wazo halikumtoka. Kama nyasi zinaweza kusimamisha kilima, je, binadamu anaweza kubadilisha sayari nzima? Na akiibadilisha, nani atalipa gharama?

Akaanza kusoma kuhusu majangwa, dini na watu waishio kwenye ukame. Matokeo yake ni riwaya ya Dune. Ilianza kutoka kwa sehemu katika jarida la Analog mwezi Desemba 1963, ikawa kitabu mwaka 1965. Wachapishaji karibu 20 waliikataa. Aliyeikubali ni Chilton, kampuni iliyojulikana zaidi kwa vitabu vya kutengeneza magari!

Sayari ambayo kila tone lina hesabu

Riwaya inatupeleka Arrakis, sayari yenye jangwa tupu. Wenyeji wake, Wafremen, huvaa mavazi yanayokusanya jasho ili walinywe tena. Mtu akifa, maji ya mwili wake hurudi kwa jamii. Jangwani hupatikana kiungo cha thamani kuliko kitu chochote, kwa sababu bila hicho vyombo vya angani haviwezi kuongozwa kutoka nyota moja hadi nyingine. Ndiyo maana kila mtawala anaitaka Arrakis.

Lakini kuna mhusika mwingine, Kynes, mtaalamu wa ikolojia. Yeye na baba yake kabla yake wana mpango wa siri na Wafremen: kukusanya maji kidogo kidogo, kupanda nyasi zishike vilima vya mchanga, kisha vichaka, kisha miti, kwa muda wa vizazi vingi. Unaona Florence hapo? Hata ukurasa wa kutabaruku wa kitabu unawataja wanaikolojia wa nchi kavu.

Sasa shika jambo hili, maana ndipo penye uzito. Kiungo kile kinatokana na mzunguko wa maisha ya minyoo mikubwa ya mchangani, na maji huiua minyoo hiyo. Yaani ukiifanya Arrakis iwe kijani, unaua minyoo. Ukiua minyoo, kiungo kinakwisha. Katika kitabu cha tatu cha mfululizo huo, cha mwaka 1976, watu wanaanza kuona bei ya ndoto yao ya kijani. Herbert hakusema kupanda ni vibaya. Alionyesha kwamba ukigusa kamba moja, nyingine zote zinatikisika.

Mwaka 1992: gemu mbili, riwaya moja

Mwaka 1992 kampuni ya Virgin ilitoa gemu mbili kutokana na hadithi hiyo. Ya kwanza, Dune, ilitengenezwa na Cryo ya Ufaransa. Ndani yake unaweza kuwapangia Wafremen kazi ya kuvuna kiungo, kazi ya jeshi, au kazi ya ikolojia. Ukichagua ikolojia, wanajenga mitego ya upepo ya kunasa maji na kupanda mimea. Mahali palipopata kijani, kiungo kinatoweka. Mchezaji analazimika kuchagua, kama kwenye kitabu.

Ya pili, Dune II, ilitengenezwa na Westwood ya Marekani. Hapa hakuna kupanda chochote. Unatuma mashine ya kuvunia, inaleta kiungo kiwandani, unapata fedha, unajenga vifaru. Minyoo imebaki kama kero inayomeza mashine zako. Na mtego wa upepo, ambao kwenye riwaya hunasa unyevu wa hewani, kazi yake kubwa hapa ni kukupa umeme wa kambi. Maji, moyo wa hadithi nzima, hayana mahali pake kwenye hesabu ya mchezaji.

Ni ipi iliyozaa watoto wengi? Ya pili. Westwood hiyohiyo ikatoa Command & Conquer mwaka 1995, na Warcraft ya mwaka 1994 ilifuata njia ileile. Vuna, jenga, piga. Silaumu watengenezaji: kompyuta za wakati ule zilikuwa na uwezo mdogo, na gemu ile ilinoga kwelikweli. Lakini gemu humfundisha mchezaji kwa kile inachokihesabu, na kile isichokihesabu humfundisha kwamba hakipo.

Kisa hakijaisha Oregon

Tusiwacheke wachezaji, kwa sababu zile nyasi za Florence nazo zina hadithi yao. Zilifanya kazi vizuri kupita kiasi. Zilijenga tuta refu kando ya bahari likazuia mchanga mpya kuingia, zikaenea na kufunika eneo lililokuwa wazi. Kuna ndege mdogo wa pwani anayetaga mayai kwenye mchanga mtupu. Tangu mwaka 1993 ndege wa pwani hiyo wameorodheshwa Marekani kuwa hatarini. Leo watu wanatumia mashine na dawa kung'oa nyasi zilezile zilizopandwa kwa jasho. Mradi ulihesabu mchanga uliosimama. Haukuhesabu ndege.

Kama unaona hayo ni ya mbali, muulize mfugaji wa Baringo, Kenya, kuhusu mathenge. Mti huo uliletwa huko miaka ya 1980 kwa nia njema, uwape watu kuni na kulinda ardhi kavu. Ukaenea hadi ukafunga malisho na njia za mifugo, na maganda yake matamu yakaharibu meno ya mbuzi. Wanajamii walifika hadi mahakamani. Hapo napo, waliopanda walihesabu miti iliyostawi. Malisho yalisahaulika.

Na leo je?

Gemu zimeanza kurudisha hesabu iliyopotea. Civilization VI, katika nyongeza yake ya mwaka 2019 iitwayo Gathering Storm, inahesabu hewa ya ukaa kutoka kwenye makaa ya mawe na mafuta unayochoma. Joto likipanda, barafu inayeyuka, bahari inapanda, na maeneo ya pwani yaliyo chini yanazama, hata ya mchezaji ambaye hakuchoma sana. Ni gemu tu, haiwezi kuwa dunia. Lakini angalau inaleta bili mezani.

Kwa hiyo ukikaa tena mbele ya gemu, au ukisikia mradi wa kupanda miti milioni kadhaa, usiishie kuuliza kimepatikana nini. Uliza: ni kitu gani hapa hakuna anayekihesabu? Herbert alianza kuliuliza swali hilo akiwa amesimama kwenye mchanga, na kwa sisi tunaosoma mazingira bado ni swali la kwenda nalo kazini.