Kilima Juu ya Bunge

Ukitaja usanifu mandhari, wengi huwaza bustani: jengo limekwisha, rangi imekauka, sasa aitwe mtu wa miche na mbolea aje kupamba. Neno lenyewe linachangia. Mandhari, nadhari na nadharia ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu, wenye maana ya kutazama, na hivyo tunabaki na kile ambacho jicho linaona. Waingereza nao neno lao walilichukua kwa wachoraji wa Uholanzi, ila lao limebeba ardhi ndani yake.

Na ardhi ndiyo mwanzo wa kazi hii: mteremko unaelekea wapi, maji ya mvua yatapita wapi, watu watapita wapi.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni jengo la Bunge la Australia mjini Canberra, lililofunguliwa tarehe 9 Mei 1988. Msanifu majengo Romaldo Giurgola na wenzake, akiwemo msanifu mandhari Peter Rolland, walikataa kulisimamisha juu ya kilima, lisije likaonekana kama serikali iliyowakalia wananchi. Kilele kikachimbwa, zaidi ya mita za ujazo milioni moja za miamba zikaondolewa, Bunge likawekwa ndani, kisha nyasi zikarudishwa juu ya paa. Mwananchi akaweza kupanda mteremko kwa miguu yake hadi akasimama juu ya vichwa vya wabunge. Watoto walijilaza pale juu na kubingirika hadi chini.

Nyasi za juu ya paa si zulia la kutandikwa siku ya mwisho. Zinataka udongo wa kutosha mizizi, njia ya kutolea maji na utando wa kuzuia yasivuje ndani. Na paa lenyewe lazima libebe uzito wa udongo uliolowa. Hesabu hizo hufanywa kabla nguzo hazijachorwa. Kwa hiyo istilahi ibaki usanifu mandhari, imeshazoeleka, lakini kamusi ziieleze kuwa ni upangaji wa ardhi, maji, mimea na mapito kwa pamoja na jengo. Fasili ya “kupendezesha mazingira” inamwita mtaalamu huyu akiwa ameshachelewa.

Mwaka 2017, kwa sababu za usalama, uzio ulijengwa kukatiza miteremko ile. Mgeni sasa hukaguliwa mlangoni, kisha hupanda juu kwa lifti. Kwa mtazamaji wa mbali, kilima bado ni cha kijani. Njia ya miguu ndiyo iliyokatwa.